Pansiyo ya marehemu haigawanywi matangani



Katika mikutano yetu ya MUSO na ya AVEC, swali moja linarudi mara kwa mara, na karibu kila mara linaulizwa kwa sauti ya chini: bwana aliyekuwa akifanya kazi ya kampuni akifa, makuta waliyokuwa wanamkata kila mwezi yanaenda wapi? Wengine wanafikiri yanakufa pamoja naye. Wengine wanafikiri ni ya kaka mkubwa wa marehemu, kwa kuwa ndiye anayesimama mbele ya jamaa. Wengine wameambiwa katikati ya matanga kwamba mwanamke ni mgeni katika ukoo, na mgeni harithi.

Majibu hayo matatu yote si ya kweli. Juma hili tutaeleza jambo hili pole pole, kama darasani, kwa sababu mama akilijua kabla ya kifo, watoto wanabaki shuleni. Akilijua kisha kifo, mara nyingi karatasi zimekwisha kutoka nyumbani.

MAKUTA HAYO NI NINI?

Mtu yeyote anayefanya kazi ya mshahara kwa mwenye kazi asiye serkali anapaswa kuandikwa kwenye CNSS, yaani kashi ya taifa ya usalama wa jamii. Wazee wetu waliijua kwa jina la INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961. Sheria inayoiongoza leo ni namba 16/009 ya tarehe 15/07/2016. Inawahusu wafanyakazi wa mgodi wa Bisie na wa kampuni ndogo zinazofanya kazi pale, walinzi, madereva, wafanyakazi wa ONG, walimu wa shule za watu binafsi, hata mtu wa kazi za nyumbani.

Kwa ajili ya pansiyo peke yake, inatoka asilimia 10 ya mshahara kila mwezi: 5 inakatwa kwa mfanyakazi, 5 inaongezwa na mwenye kazi. Tufanye hesabu. Mshahara ukiwa franga 1 000 000, wanamkata 50 000, na kampuni inaongeza 50 000 yake. Ni 100 000 kwa mwezi, 1 200 000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni franga 12 000 000. Si makuta ya kuacha yapotee kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana.

Walimu na wafanyakazi wengine wa serkali wana kashi yao, CNSSAP, yenye sheria yake. Lakini karatasi za nyumbani tutakazotaja hapa chini, nao wanazihitaji vilevile. Naye mchimbaji wa mkono, wa Rubaya ao wa misitu yetu ya Walikale, hakuna mwenye kazi anayemtangaza kwa CNSS. Akifa shimoni, hakuna pansiyo. Kwa jamaa yake, kashi nyekundu ya MUSO na akiba ya mama ndivyo vinavyobaki. Mama wa mchimbaji asiache kuweka sehemu yake kila juma.

MIFUKO MITATU

Ugomvi mwingi wa matanga unatoka hapa: watu wanachanganya mifuko mitatu na kufanya mmoja. Tuitenganishe.

Mfuko wa kwanza ni deni la kampuni. Ni mshahara wa siku alizofanya marehemu bila kulipwa, likizo ambayo hakuchukua, na mengine yaliyo katika hesabu ya mwisho, ile watu wanaita dekonti finali. Haya ni mali ya marehemu, nayo yanaingia katika urithi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na wanapata robo tatu. Robo inayobaki ni ya bibi ao bwana aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena, mali ambayo bwana na bibi waliitafuta pamoja katika ndoa haiingii yote katika kugawana, isipokuwa kama walichagua utaratibu mwingine siku ya ndoa: nusu yake ni ya bibi tangu zamani, si zawadi ya shemeji. Na sheria hiyo hiyo inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakikaa na bwana wake, na kutumia vyombo vilivyomo.

Mfuko wa pili ni pansiyo ya CNSS. Huu hauingii katika urithi kabisa. Sheria inaupeleka moja kwa moja kwa wale marehemu aliokuwa akiwalisha: bibi ao bwana aliyebaki, na watoto walio bado mikononi mwake. Kaka wa marehemu hayumo. Kikao cha jamaa hakina neno la kusema juu yake. Hata yule aliyechaguliwa kusimamia urithi, kazi yake ni ya mfuko wa kwanza tu. Hawezi kuchukua pansiyo kwa jina la jamaa, wala kuigawa, wala kusema tuilipe deni la jeneza.

Ikiwa marehemu alikuwa amekwisha kula pansiyo, ao alikuwa na miezi ya kutosha ya michango, waliobaki wanapata malipo yanayorudi kila mara. Ikiwa miezi haikutosha, wanapewa makuta mara moja tu, na mambo yanaisha hapo. Basi msikubali kuambiwa: "Alifanya kazi miaka mitatu tu, hakuna kitu." Kaombeni, muandikiwe jibu.

Na kuna jambo la kujua kwa wale ambao mabwana zao wanafanya kazi ya hatari. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, mlango wa CNSS unaogongwa ni mwingine, ule wa ajali na magonjwa ya kazi. Mchango wa mlango huo unalipwa na mwenye kazi peke yake, asilimia 1,5. Huko hawahesabu kama marehemu alifikisha miezi mingapi. Hata aliyeanza kazi mwezi uliopita, jamaa yake ina haki, na kuna makuta ya mazishi pia. Kampuni ndiyo inayopaswa kutangaza ajali kwa CNSS. Wewe mama, omba kopi ya tangazo hilo, na uangalie kwamba limeandikwa "ajali ya kazi", si "ugonjwa".

Mfuko wa tatu hauko kwa kila mtu: ni bima ya maisha. Tangu sheria ya bima ya tarehe 17/03/2015, SONAS si yenyewe tu inayouza bima katika nchi yetu, na mwenye kazi anaweza kuwawekea wafanyakazi wake mkataba wa namna hiyo. Mfuko huu unaenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa katika mkataba, nao pia hauingii katika urithi. Hatari yake inajulikana: kijana aliandika jina la mama yake ao la ndugu yake alipokuwa hajaoa, akaoa, akazaa watoto wanne, na jina halikubadilishwa. Siku ya kifo, karatasi inasema kile kilichoandikwa. Kubadilisha jina ni kazi ya siku moja kwenye biro ya wafanyakazi, mradi mwenyewe angali hai.

MBELE YA CNSS, KARATASI NDIZO ZINAONGEA

Tuchukue mfano wa wamama wawili. Mabwana zao walifanya kazi moja, kwa mshahara mmoja, miaka sawasawa, wakafa mwaka mmoja.

Mama wa kwanza alilipiwa mahari yote: mbuzi, makuta na vitambaa. Ukoo wote unamwita bibi yetu. Lakini ndoa haikufika hata siku moja kwenye eta-sivili. Watoto wawili wana vyeti vya kuzaliwa, wawili hawana. Mama wa pili alilipiwa nusu ya mahari tu, na wazee bado wanamdai bwana hata leo. Lakini yeye na bwana wake walikwenda kwenye eta-sivili, ndoa ikaandikwa, na watoto wote wana vyeti.

Mbele ya ukoo, mama wa kwanza ndiye mwenye heshima. Mbele ya CNSS, mama wa pili ndiye mwenye haki inayoonekana. Si kwamba sheria inadharau mahari. Ndoa ya jamaa ni ndoa. Lakini sheria inasema kwamba watu wa nje ya jamaa hawalazimishwi kuitambua mpaka iandikishwe, na CNSS ni mtu wa nje ya jamaa. Kisha kufunga ndoa nyumbani, bwana na bibi wana mwezi mmoja wa kwenda mbele ya afisa wa eta-sivili. Wengi wetu tumepitisha mwezi huo, miaka kumi sasa. Tusikae tukilia. Twende tuulize njia ya kuandikisha ingawa tumechelewa, wakati wote wawili tungali wazima. Mmoja akisha kufa, njia inakuwa ndefu, nayo inapita tribinali.

Kwa watoto, kutangaza kuzaliwa ni bure katika siku 90 za kwanza. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali, na hukumu inadai safari na makuta. Mama aliyezaa juma hili, wewe ndiye wa kwanza tunayekuambia: usingoje ubatizo.

Tuseme pia neno gumu. Sheria yetu inatambua ndoa ya bwana mmoja na bibi mmoja. Bibi wa pili hawezi kupewa sehemu ya mjane. Lakini mtoto wake, ikiwa baba alimtambua kwenye eta-sivili wakati wa uhai wake, ni mtoto kama wengine, hata katika urithi. Wamama, tusiingie vita vya kufukuza watoto wa nje mbele ya maiti. Mtoto hakuchagua mlango wa kuzaliwa. Na wewe mama uliye upande ule, hakikisha baba anamtambua mtoto kwa karatasi, si kwa kumpitishia sukari usiku.

KAMPUNI INAKUFA, MCHANGO HAUFI

Kati ya wasomaji wetu wako wajane wa wafanyakazi wa SOMINKI. Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya bati na ya dhahabu ya Kivu na Maniema, ilivunjwa katika miaka ya vita, kuanzia 1997, na wafanyakazi wake wa zamani wamedai hesabu yao ya mwisho kwa miaka mingi. Wengi walikufa wakingoja. Historia hiyo imewafanya watu wa kwetu waamini kwamba kampuni ikifungwa, kila kitu kimefungwa.

Turudi kwenye mifuko yetu. Hesabu ya mwisho ni mfuko wa kwanza: mdaiwa ni kampuni, na kampuni ikianguka, kazi ya kumdai inakuwa ngumu sana. Lakini pansiyo ni mfuko wa pili: mdaiwa ni CNSS, nayo haikufungwa pamoja na kampuni. Michango iliyolipwa na kuandikwa inabaki kwa jina la mfanyakazi, hata akibadilisha kazi mara tano, hata alama ya kampuni ikiondolewa mlangoni. Kwa hiyo mjane wa mfanyakazi wa zamani asichanganye madai hayo mawili katika barua moja.

Swali la kweli ni hili: je, michango ililipwa? Makuta kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, kufika kwenye CNSS ni jambo lingine. Wako wenye kazi wadogo wanaokata na hawatangazi. Njia ya kujua ni mfanyakazi mwenyewe, akiwa hai, kwenda kwenye CNSS na namba yake kuomba hali ya michango yake. Buletini za mshahara ni ushahidi kwamba alikatwa. Kila buletini ihifadhiwe, hata ya miaka kumi iliyopita. Sio ya kuwashia makala.

KARATASI NA VITA

Tunajua tunaandikia nani. Wamama wa Masisi wamekimbia mara ngapi? Mwezi wa tatu wa 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre, na mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi kwa majuma kadhaa. Watu waliingia msituni na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Nani angefikiri juu ya cheti cha ndoa? Na tangu Goma ilipochukuliwa mwezi wa kwanza wa mwaka ule, mabenki yake yakafungwa, mambo mengi tuliyokuwa tunamalizia kule yamekwama.

Ndiyo sababu karatasi zisikae mahali pamoja. Zile za asili ziwekwe katika plastiki inayofungwa vizuri, pamoja na zile nguo ambazo mama hashindwi kuzibeba akikimbia. Kopi moja iachwe kwa ndugu wa kuaminika katika mji mwingine. Zipigwe picha kwa telefone, na picha zitumwe kwa watu wawili. Namba ya CNSS iandikwe pia ndani ya daftari ya watoto. Namba hiyo ni ya nchi nzima, si ya Goma peke yake. Mjane ambaye njia ya Goma imemfungia aulize kwenye biro ya CNSS ya upande mwingine, kwa mfano Kisangani, ambako wengi wetu wanakwenda siku hizi kwa barabara ya Lubutu. Na asisahau kampuni yenyewe: kila mwezi inatuma kwa CNSS orodha ya wafanyakazi na mishahara yao, kwa hiyo inaweza kutoa ushahidi ikiwa nyumba iliungua na kila kitu ndani.

JINSI YA KUMWAMBIA BWANA

Hapa ndipo wamama wengi wanashindwa. "Nikimuuliza juu ya pansiyo, atasema ninamtakia kifo." Ni kweli, neno hili lina njia yake.

Usilianze siku mlipogombana, wala siku alipolala na malaria. Anza na watoto: vyeti vya kuzaliwa vinaombwa shuleni, hakuna baba atakayeona ubaya. Kisha sema: "Baba wa watoto, tutengeneze dosie moja ya nyumba, ya kwako na ya kwangu." Anza na zako. Mama anayefanya kazi ya mshahara naye ana mchango wake, na akifa, bwana na watoto wanaulizwa karatasi zile zile. Bwana akiona umeweka kontra yako ndani ya dosie, ataweka yake. Na kama anakataa kabisa kukusikia, mtafute mzee anayemheshimu, ao padri, ao mchungaji, amwambie yeye.

SIKU KIFO KIMEFIKA

Kwanza, wakati wa matanga mama analia, lakini mtu mmoja wa kikundi chetu akae karibu na dosie. Tunaomba kila kikundi kichague mama wa kazi hiyo. Karatasi zisitoke nyumbani kwa jina la "kwenda kufuatilia." Shemeji anayetaka kusaidia apewe kopi.

Pili, kifo kitangazwe kwenye eta-sivili, na cheti cha kifo kichukuliwe. Barua ya hospitali ao ya shefu wa kijiji inasaidia kupata cheti, lakini haisimami mahali pake.

Tatu, mzee aliyekuwa akila pansiyo akifa, msiendelee kwenda kuichukua kwa jina lake. Ni wizi mbele ya sheria, na unaharibu dosie ya mjane. Pansiyo ya marehemu inasimama, ndipo ile ya waliobaki inafunguliwa.

Nne, peleka ombi pamoja na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karte yako ya kura, namba ya CNSS ya marehemu, kontra na buletini. Toa kopi, onyesha za asili, rudi nazo nyumbani. Omba mhuri na tarehe kwenye kopi yako ya ombi. Mtu akikuomba makuta ya kusukuma dosie, mwombe borderoo. Asiyetoa borderoo, makuta hayo ni ya mfuko wake.

Tano, musichelewe. Haki hizi zina wakati wake katika sheria, na mwaka wa kungoja kikao cha jamaa ni mwaka uliopotea.

Wazee wa Kiswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika mkutano ujao, kisha kuhesabu sehemu za akiba, kila kikundi kichukue nusu saa. Kila mama aseme vitu vitatu tu: kama ndoa yake imeandikwa, watoto wangapi hawana cheti, na kama anajua namba ya CNSS ya nyumbani kwake. Mwandishi wa kikundi aandike. Wale wanaokosa cheti waende pamoja kwenye eta-sivili siku moja, maana wamama kumi mbele ya meza ya afisa hawafukuzwi kirahisi kama mama mmoja.

Tunawatakia juma la amani.